Kioo cha mkononi: Jinsi maduka ya mtandaoni yanavyogusa sura na mkoba wa msichana

Kwa miaka mingi msichana wa Dar es Salaam aliyetaka gauni la sikukuu alikwenda Kariakoo, na mwenzake wa Nairobi alikwenda Gikomba. Alilishika gauni, akalipima mwilini, akapatana bei, na mara nyingi pembeni yake palikuwa na dada au shoga wa kumwambia kama limemkaa au halikumkaa. Leo sehemu kubwa ya safari hiyo imehamia ndani ya simu. Gauni huonekana kwanza Instagram au TikTok, hujadiliwa WhatsApp, hulipiwa kwa pesa za simu na huletwa mlangoni na bodaboda. Masoko hayajafungwa, wala hayaelekei kufungwa. Lakini kati ya jicho la mnunuzi na bidhaa wamejipenyeza madalali wapya wasioonekana: kamera inayorekebisha sura, algoriti inayochagua nini kionekane, na mfumo wa malipo unaomaliza kazi kwa tarakimu nne za siri.

Makala haya yanaeleza kazi ya madalali hao katika nchi jirani za Kenya na Tanzania, pamoja na yale ambayo watafiti wamekwisha kuyabaini kwingineko, kwa sababu teknolojia zenyewe ni zilezile. Programu anayoitumia binti wa Mwanza ndiyo anayoitumia mwenzake wa Paris. Tunawazungumzia zaidi wanawake vijana kwa kuwa biashara ya mavazi, nywele na vipodozi imewaelekea wao kuliko kundi jingine lolote.

Chumba cha kujaribia ndani ya simu

Mwaka 2018 kampuni ya vipodozi ya Ufaransa, L'Oréal, iliinunua kampuni ya Toronto, nchini Kanada, iitwayo ModiFace. Kazi ya ModiFace ilikuwa kumwezesha mteja kujiona katika kamera akiwa amepaka rangi ya mdomo ambayo hajaigusa. Utaratibu wake si uchawi. Programu hutafuta usoni alama kadhaa, kama vile pembe za macho, kingo za midomo, ncha ya pua na mstari wa taya, kisha huzifuata alama hizo kila uso unapogeuka. Rangi huwekwa juu ya eneo lililopimwa, ikiongezwa au kupunguzwa mng'ao ili ifanane na mwanga wa mahali alipo mtu. Wataalamu huiita teknolojia hiyo uhalisia ulioongezwa. Hivi sasa wauzaji wengi wa miwani, kucha, viatu na mavazi duniani wana kifaa cha aina hiyo.

Faida zake ni za wazi. Mteja hujaribu rangi ishirini kwa dakika chache bila kugusa kijiti kilichokwisha kupita katika midomo ya watu wengine. Asiyependa kusimamiwa na muuzaji hujaribu akiwa peke yake, na akikosa kuridhika hufunga simu bila kumwonea mtu haya. Hayo si mambo madogo, na ni haki kuyataja kabla ya kulaumu.

Tatizo huanza pale ambapo kifaa hakiishii kwenye bidhaa. Filta nyingi za mitandao ya kijamii, mbali na kupaka rangi ya mdomo, hulainisha ngozi, hukuza macho, hupunguza pua na kunyanyua mashavu. Mapema mwaka 2023 filta ya TikTok iliyoitwa Bold Glamour ilizua mjadala mkubwa kwa sababu moja ya kiufundi. Filta za awali zilibanduka pindi mtu alipopitisha mkono mbele ya uso; hii haikubanduka. Mtazamaji hakuwa tena na njia rahisi ya kutambua kwamba anachokiona kimetengenezwa. Na yule anayejitazama mwenyewe, ingawa anajua, macho yake huzoea.

Kamera yenyewe, hata bila filta, haina uaminifu wa kioo. Mwaka huohuo wa 2018, utafiti uliomhusisha daktari wa upasuaji wa sura wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, ulionyesha kwa hesabu kwamba picha ya kujipiga kutoka umbali wa takriban sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 zaidi ikilinganishwa na picha iliyopigwa kutoka mita moja na nusu. Sababu ni ya kijiometri tu: pua iko karibu zaidi na lenzi kuliko mashavu na masikio. Ina maana kwamba msichana anaweza kuichukia pua ambayo hana, na kisha akapewa filta ya kuipunguza.

Madaktari wa ngozi wa Boston nao waliandika mwaka 2018, katika jarida la upasuaji wa sura, kuhusu mabadiliko waliyoyaona kliniki. Zamani mgonjwa aliyetaka kubadilishwa sura alikuja na picha ya mwigizaji au mwanamuziki mashuhuri. Sasa wapo wanaokuja na picha zao wenyewe zilizopitishwa kwenye filta, wakitaka wafanane nazo.

Hapo ndipo penye jambo jipya. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba binadamu, akikosa kipimo cha wazi, hujipima kwa wenzake. Nadharia hiyo ilitosha kueleza athari za majarida ya mitindo na matangazo ya televisheni. Mwanamitindo wa jaridani, hata hivyo, yuko mbali. Msichana anaweza kujiambia kwamba yule ni mtu mwingine, ana fedha nyingine na maisha mengine. Uso uliorekebishwa na simu hauna umbali huo. Ni uso wake, umeondolewa tu kile ambacho mtengenezaji wa programu alikihesabu kuwa kasoro. Anayeshindwa katika mashindano hayo anashindwa na nafsi yake.

Watafiti wa masoko wamelichunguza jambo hili kwa karibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Mark Yim na Sun-Young Park uligundua kwamba watu wasioridhika na miili yao walivutiwa zaidi na kujaribu bidhaa kwa uhalisia ulioongezwa kuliko kuitazama katika tovuti ya kawaida. Mwaka 2021 Ana Javornik na wenzake walionyesha kwamba kujitazama katika kioo cha aina hiyo hubadili pengo lililopo kati ya jinsi mtu anavyojiona na jinsi ambavyo angependa kuwa, na kwamba mabadiliko hayo hayafanani kwa wote: hutegemea mtu alikuwa anajithamini kiasi gani kabla ya kukitazama. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba teknolojia hii inamuumiza kila msichana. Lakini ni sahihi kusema kwamba wauzaji wana sababu ya kibiashara ya kumpenda mteja ambaye hajiridhii.

Lipo pia jaribio moja la zamani kidogo linalostahili kukumbukwa kila tunapozungumzia vyumba vya kujaribia nguo. Mwaka 1998 Barbara Fredrickson na wenzake, nchini Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu mavazi ya kujaribu katika chumba chenye kioo kirefu. Baadhi walipewa vazi la kuogelea, wengine sweta. Wakiwa bado wamevaa, waliombwa kufanya mtihani wa hesabu. Wanawake waliovaa vazi la kuogelea walipata alama za chini kuliko wanawake waliovaa sweta. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Hakuna aliyekuwa akiwatazama. Walijitazama wenyewe kwa jicho la mtazamaji, na jicho hilo lilikula sehemu ya akili iliyohitajika kwa kazi nyingine. Wale walikaa mbele ya kioo kwa muda mfupi. Msichana wa leo amekibeba kioo chake mkobani tangu alfajiri.

Ngozi nyeusi mbele ya kamera

Kwa wasomaji wetu lipo suala ambalo makala nyingi za Ulaya hulipitia juujuu, nalo ni rangi ya ngozi.

Programu zinazotambua sura hufundishwa kwa picha nyingi, na picha hizo kwa muda mrefu zilikuwa za watu weupe kwa wingi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, wa pili akiwa mzaliwa wa Ethiopia, walichapisha utafiti kuhusu mifumo mitatu ya kibiashara iliyokuwa ikikisia jinsia ya mtu kutokana na picha ya uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifikia asilimia 34.7. Kampuni zilizotajwa zilirekebisha mifumo yao baadaye, lakini utafiti huo uliweka wazi jambo ambalo wengi walikuwa wakilihisi tu mbele ya kamera zao.

Mapungufu ya namna hiyo yana historia ndefu. Kwa miongo kadhaa kipimo kilichotumiwa sana kupanga rangi za ngozi kilikuwa kile cha daktari Thomas Fitzpatrick wa Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya kutabiri jinsi ngozi inavyoathiriwa na jua. Kina ngazi sita, na ngozi zote za Afrika zikabanwa katika ngazi chache za mwisho. Mwaka 2022 kampuni ya Google ilianza kutumia kipimo kingine cha rangi kumi kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk, ili kuongeza nafasi ya ngozi nyeusi na za maji ya kunde. Katika maduka, mwamko ulikuwa umetangulia kidogo: mwaka 2017 mwanamuziki Rihanna alizindua vipodozi vya Fenty Beauty vikiwa na rangi 40 za faundesheni, na washindani wake wakalazimika kuongeza zao.

Kwa mnunuzi wa Arusha au Kisumu, hili si suala la nadharia. Kamera isiyoisoma ngozi yake vizuri humchagulia faundesheni isiyomfaa, na fedha zake zikapotea. Lakini lililo zito zaidi ni kwamba filta nyingi za urembo, katika kulainisha ngozi, huing'arisha pia. Msichana anayejitazama kila siku akiwa mweupe kidogo kuliko alivyo hahitaji tangazo la kumwambia kwamba weupe ndio uzuri. Ameonyeshwa kwa uso wake mwenyewe.

Na soko la kumkamilishia picha hiyo lipo tayari. Krimu za kujichubua zinauzwa mtandaoni, na mchanganyiko ambao Watanzania huuita mkorogo unatangazwa kwa majina ya kupendeza, ukiambatana na picha za kabla na baada ambazo hakuna anayeweza kuthibitisha kama zilipigwa kwa mwanga uleule au hata kwa mtu yuleyule. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo huharibu figo na mfumo wa neva. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Tanzania, Kenya na Rwanda zote zimepiga marufuku vipodozi vyenye viambata vya sumu vya kuchubua ngozi, na nchini Rwanda polisi na mamlaka ya viwango walifanya msako mkubwa madukani kuanzia mwishoni mwa 2018. Msako wa dukani una mipaka yake. Mkaguzi anaweza kuingia katika duka la mtaani. Hawezi kuingia kwa urahisi katika kundi la WhatsApp la watu mia mbili ambalo muuzaji wake hana anwani.

Duka linalokufahamu

Dalali wa pili ni algoriti. Duka la kawaida hupanga bidhaa zake kwa namna moja kwa wateja wote. Duka la mtandaoni, na hasa mtandao wa kijamii uliogeuka duka, humpangia kila mtu rafu zake. Hupima ni video gani umeitazama hadi mwisho, wapi umesimama, nini umekuza kwa vidole. Msichana aliyeitazama mara mbili video ya mkanda wa kubana tumbo ataletewa mikanda mingine, kisha chai za kupunguza uzito, kisha ushuhuda wa waliopungua. Si kwamba mashine inamchukia. Imeamriwa kutafuta kinachomshika, na wasiwasi hushika kuliko utulivu.

Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha habari zilizotokana na nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilizotolewa na aliyekuwa mfanyakazi wake, Frances Haugen. Moja ya nyaraka hizo ilieleza kwamba asilimia 32 ya wasichana wa rika la ubalehe walisema kuwa, pale walipojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwazidishia hisia hiyo. Kampuni ilijibu kwamba takwimu hizo zilisomwa vibaya na kwamba wasichana wengi walisema mtandao uliwasaidia katika matatizo yao mengine. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, swali halikuulizwa kuhusu wasichana wote. Liliwahusu wale waliokuwa tayari wameumia, na theluthi yao walisema jeraha liliongezeka.

Juu ya picha huja haraka. Saa inayohesabu dakika zilizobakia kabla ya ofa kwisha, maandishi yanayosema kwamba zimebaki mbili tu, taarifa kwamba watu kumi na tano wanaitazama bidhaa hii sasa: hayo yote ni maneno ya muuzaji wa mnadani yaliyotiwa kwenye kompyuta. Tofauti ni kwamba muuzaji wa mnadani unamwona usoni. Mwezi Mei 2025 Tume ya Ulaya pamoja na mamlaka za kuwalinda walaji ziliituhumu kampuni ya mavazi ya Shein kwa kutumia punguzo la bei lisilo la kweli na tarehe za mwisho za uongo. Julai mwaka huo Ufaransa iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 40. Wachunguzi wa Ufaransa walikuwa wamepitia matangazo ya kati ya Oktoba 2022 na Agosti 2023, wakakuta kwamba asilimia 57 ya yaliyokaguliwa hayakuwa na punguzo lolote, asilimia 19 yalikuwa na punguzo dogo kuliko lililotangazwa, na asilimia 11 yalikuwa, kwa kweli, ongezeko la bei. Kampuni ilisema ilikwisha kurekebisha kasoro hizo baada ya kuarifiwa.

Shein inajulikana vizuri Dar es Salaam na Nairobi, ingawa wengi huagiza kupitia kwa mawakala wanaokusanya oda, kuzilipia kwa kadi zao na kuzigawa mzigo ukifika. Kwa mteja wa wakala punguzo la uongo lina madhara ya ziada, kwani gauni lisilomkaa halirudi kirahisi nchi lilikotoka. Huishia kabatini, au kwa mdogo wake.

Wafanyabiashara wadogo wa hapa kwetu wana mbinu yao tofauti: hawaandiki bei. Huandika tu kwamba bei njoo inboksi. Wapo wanaosema wanakwepa washindani, na huenda ni kweli. Lakini mnunuzi akishaingia inboksi amekwisha kujitaja, picha yake ya wasifu inaonekana, mazungumzo yameanza, na kukataa kunakuwa kugumu kuliko kupita tu. Bei nayo yaweza kupanda au kushuka kwa kumtazama mtu.

Malipo yasiyouma

Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester, wa taasisi ya MIT, walichapisha jaribio la mnada wa tiketi za mpira wa kikapu kwa wanafunzi wa biashara. Walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa hadi mara mbili ya walioambiwa watalipa kwa fedha taslimu. Noti zinapotoka mkononi mtu huhisi. Namba zinapopungua kwenye skrini hahisi kwa kiwango kilekile.

Afrika Mashariki iliingia katika malipo ya namna hiyo kabla ya nchi nyingi tajiri. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na imewasaidia wanawake wengi kuweka akiba mbali na mikono ya watu wengine. Hilo halina ubishi. Lakini Januari 2019 Safaricom ilianzisha Fuliza, huduma inayomruhusu mteja kukamilisha malipo hata kama salio halitoshi. Deni hukatwa lenyewe fedha zinapoingia. Tanzania nayo ina huduma ya aina hiyo, Songesha. Zamani, msichana aliyekosa shilingi alisema hana, akaondoka. Sasa kukosa salio si kizuizi tena cha kununua wigi usiku wa manane. Kesho yake mama akimtumia nauli, nauli hiyo inakwenda kulipa wigi kabla hajaiona.

Huduma hizo angalau zina msimamizi anayejulikana. Nje yake kuna programu za mikopo ya papo kwa papo, ndugu wa kidijitali wa ile mikopo ya mtaani ambayo Watanzania wameipa jina la kausha damu. Baadhi zilikuwa zikichukua majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji na, anapochelewa, kuwatumia ujumbe wa kumwaibisha ndugu zake, mwajiri wake, hata mchungaji wake. Benki Kuu ya Kenya ilianza kudhibiti wakopeshaji wa kidijitali kwa kanuni za Machi 2022. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Kwa msichana aliyeanza safari hii akitaka aonekane vizuri, kudhalilishwa mbele ya watu wote anaowafahamu ni mwisho wa kikatili.

Yule anayeuza

Itakuwa si haki kumchora mwanamke kijana kama mnunuzi tu. Kampuni kubwa ya Jumia iliondoka Tanzania Novemba 2019. Maduka madogo ya Instagram na WhatsApp hayakuondoka, na mengi yanaendeshwa na wanawake vijana wasio na fremu ya kukodi wala mtaji wa benki. Mtu anaweza kuanza na magauni matano, kuyapiga picha sebuleni kwao na kuyauza kabla ya kulipa kodi ya chumba chochote. Kwa wahitimu wasio na ajira, hiyo ni riziki.

Lakini muuzaji huyo naye anaishi mbele ya kamera. Yeye ndiye mwanamitindo wa duka lake, na video ya mubashara yenye uso uliong'arishwa huvuta watazamaji kuliko ile isiyo na filta. Akiacha filta, anahofia mauzo kushuka. Akiendelea nayo, wateja wanaokutana naye ana kwa ana hushangaa. Mjadala kuhusu taswira ya wasichana humtazama sana anayenunua na kumsahau huyu, ambaye hawezi kuzima kioo kwa sababu ndicho kinachomlisha.

Sheria zinakofika

Norway ndiyo iliyokwenda mbali mapema. Tangu Julai 2022 sheria yake inamtaka mtangazaji, na pia mtu mashuhuri wa mtandaoni anayelipwa, kuweka alama kwenye tangazo ambalo umbo, ukubwa au ngozi ya mtu imerekebishwa. Sheria ya Ufaransa ya Juni 2023 kuhusu watu wenye ushawishi mtandaoni iliweka sharti linalofanana na hilo. Novemba 2024 TikTok ilitangaza kwamba itawazuia walio chini ya miaka 18 kutumia filta zinazobadili sura, na Januari 2025 Meta ilifunga jukwaa lililowawezesha watu wa nje kuunda filta za Instagram, jambo lililoondoa filta nyingi sana kwa mara moja. Hatua ya TikTok inategemea umri ambao mtoto mwenyewe ameuandika, na kila mzazi anajua jinsi umri huo unavyoandikwa.

Katika ukanda wetu sheria zilizopo zinagusa zaidi taarifa kuliko taswira. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizi zina maana kubwa kwa vioo vya simu kuliko inavyodhaniwa, kwani vipimo vya uso vinaweza kumtambulisha mtu kama alama ya kidole. Katika jimbo la Illinois, Marekani, ambako sheria ya mwaka 2008 inataka idhini ya maandishi kabla ya kuchukua vipimo hivyo, wateja wamezifikisha mahakamani kampuni zinazotoa huduma ya kujaribu vipodozi na miwani kwa kamera. Huku kwetu, wengi hubonyeza nakubali bila kujua kwamba wameuacha uso wao mahali.

Kwa msikilizaji wa Kampala, Kigali au Bujumbura anayeagiza kutoka kwa wauzaji wa nchi jirani, yapo mambo machache yanayowezekana leo bila kusubiri bunge. Muuzaji wa kweli hakatai kutuma video fupi ya bidhaa iliyopigwa nje, mchana, bila filta. Vipimo viulizwe kwa sentimita, si kwa herufi, kwa sababu L ya kiwanda kimoja ni M ya kingine. Masharti ya kurudisha mzigo yaandikwe kabla ya kulipa, jina linalojitokeza kwenye malipo lilinganishwe na jina la duka, na bidhaa iliyomvutia mtu saa sita usiku ibaki kwenye kikapu hadi asubuhi. Saa ya ofa ikikuta imeisha, fungua tena ukurasa uleule kesho yake: mara nyingi utaikuta imeanza kuhesabu upya.